Dakika Tatu za Dobi

Dobi wa ghorofa ya nne alikuwa mtu wa kuanza mwanzo. Ukimpa shati, ataanza na kola, upande wa ndani kisha wa nje, aende mabegani, aende mikononi, ageuze mgongo, na mbele ndiyo ya mwisho, kwa sababu mbele ndiko watu wanakotazama na hakutaki kushikwashikwa tena baada ya kunyooshwa. Tangu aishike pasi hajapata kuanza na mbele. Na maneno yake yalikwenda vivyo hivyo. Ukimuuliza umeamkaje, vuta kiti, maana atakuanzia alivyolala.

Nyumbani walimzoea. Mkewe alijua kumsikiliza huku akichambua mchele, akiitikia "ehe" pale panapostahili. Binti yao mkubwa, aliyekwisha olewa na huja siku za mapumziko, alikuwa akisema baba ukimuuliza saa ngapi atakueleza kwanza saa ilivyonunuliwa. Walicheka wote, na dobi mwenyewe akicheka, kisha akawaeleza saa ilivyonunuliwa.

Kazi aliirithi kwa baba mkwe. Hadithi hiyo ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Siku alipokwenda kujitambulisha kwa wakwe, kijana mzima, alivaa shati lililojikunja kama karatasi ya vitumbua. Mzee wa watu hakumuuliza ukoo wala kazi. Alimwambia, "Vua." Akalivua pale pale sebuleni, akabaki kifua wazi mbele ya mama mkwe na mashangazi, mzee akalinyunyizia maji, akalipiga pasi bila haraka, kola mpaka pindo, akamrudishia likiwa bado na joto. "Haya, sasa sema ulichokuja kusema." Tangu siku ile dobi aliamini kwamba mtu hasemi jambo lake mpaka amelinyoosha lote kwanza.

Mzee alipozeeka na ngazi zikamshinda, alimwachia mkwe wake pasi, meza, wateja, na kamba za juu ya paa. Kamba zile mzee alizifunga kwa mkono wake. Ukitoka mlango wa dobi unapanda ngazi fupi, unasukuma mlango wa chuma unaolalamika, na uko juani. Upepo wa pale juu haukuwa na mchezo. Shuka za nyumba ya wageni na makoti meupe ya wauguzi yalikauka kabla chai haijapoa. Chini uani palikuwa na kivuli na vumbi, nguo ikianikwa kule inarudi na harufu ya ukuta. Kwa hiyo bila kamba za paa hakuna shuka, na bila shuka nyumba ya wageni ingetafuta dobi mwingine. Hilo halikuhitaji mtu aliyesoma.

Basi yakaja mambo ya matangi.

Maji katika jengo lile yalipanda kwa kujikongoja. Ghorofa ya pili yalifika yamechoka, ya tatu yalifika kwa kupenda, ya nne hayakufika. Mama mmoja wa ghorofa ya tatu alikuwa amepanda na kushuka na ndoo miaka mingi hata watu wakasahau anaitwaje wakamwita Mama Ndoo, naye akaitikia. Wapangaji wakachoka. Ikaletwa hoja kwenye mkutano wao: paa lote lisafishwe, kamba zote ziondolewe, matangi mawili makubwa yawekwe.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo watu wengi walipokosea. Dobi aliyataka yale matangi. Nani anayetaka maji kuliko dobi? Alichotaka ni kimoja tu, kwamba katika zile kamba waache mbili, zile za pembeni kabisa, zinazopita sambamba na ukuta wa upande wa jua kuchomoza, mahali ambapo tangi lisingeenea hata kwa kulisukuma. Mbili tu zingemtosha. Angeanika kwa zamu, angeamka mapema zaidi, angejibana. Ombi lenyewe lilikuwa fupi kuliko mkono wa shati la mtoto.

Lakini alipaswa kulisema mkutanoni, na mkutano ulikuwa na kanuni.

Zamani haukuwa nazo. Watu walikusanyika chini, kwenye njia ya kuingilia, kila mtu na kiti chake kutoka nyumbani, wakapigiana kelele mpaka mboga zikaungulia jikoni, wakaondoka bila kuamua lolote. Alipochaguliwa Mkaguzi kuwa mwenyekiti, akasema mwisho. Huyu alikuwa amefanya kazi ya kukagua tiketi za mabasi mpaka akastaafu, na bado alimtazama kila mtu kama anayesafiri bila nauli. Akamwomba Dada Karani wa ghorofa ya kwanza, anayefanya kazi ofisi ya shule, aandike kanuni. Dada Karani akaziandika kwa mwandiko mzuri, akazibandika ukutani kando ya mita za umeme.

Kila mtu atasema mara moja, dakika tatu. Zikiisha, simu ya Mkaguzi itawika kama jogoo, na msemaji atakaa. Mwenyewe haruhusiwi kujiombea muda. Ataombewa na mwingine, aungwe mkono na mwingine, kisha mikono inyooshwe bila maneno, na ikifika theluthi mbili ataendelea. Aliyekwisha sema hasemi tena mpaka wote wanaotaka kusema wamesema. Kulikuwa na kanuni nyingine chini yake, lakini hapo kinyozi wa ghorofa ya kwanza huegesha baiskeli, na hakuna aliyewahi kuinama kuzisoma.

Mkutano wa kwanza wa matangi, dobi alisimama na shati jeupe. Akawasalimu wakubwa, akawasalimu wadogo. Akampa pole jirani aliyefiwa. Akamshukuru aliyebadilisha taa ya ngazini. "Ndugu zangu," akasema, "mimi niliingia katika jengo hili nikiwa kijana, na nitawaeleza nilivyoingia—"

Kokoriko!

Watu wakacheka. Dobi akatazama simu kama mtu aliyetukanwa na kuku. Akakaa.

Aliyefuata alikuwa Mama Ndoo. "Mmemwona? Ana maneno mengi kwa sababu hana sababu. Huyu hataki maji. Anataka sisi tufe na ndoo ili shuka zake zipate hewa!"

Roho ya dobi ikamruka. Akanyoosha mkono. Mkaguzi akamwambia, "Umeshasema."

"Lakini sijasema!"

"Umesema dakika tatu."

Saa ya kufunga lango la jengo ikafika kabla ya kura, hoja ikasogezwa mpaka kikao kijacho. Neno la Mama Ndoo likapanda ngazi kabla ya dobi kufika kwake. Kesho yake watu wakamwitikia salamu kwa pua. Fundi cherehani, aliyekuwa akimletea magauni ya maharusi kupigwa pasi, alimpa moja bila kumtania. Mama Ndoo ndiye alikuwa wa kumwendea, naye alimwendea, akamkuta ngazini na ndoo kichwani.

"Dada yangu, pole na kazi. Naomba nikueleze. Unajua baba mkwe wangu—"

"Kaseme kikaoni," akasema Mama Ndoo, akapita. Maji yakamrukia dobi kwenye viatu.

Jioni mkewe akaweka sufuria chini, akasimama mbele ya meza ya pasi. "Baba watoto, leo tunafanya mazoezi. Mimi Mkaguzi. Haya, sema."

"Ndugu mwenyekiti, kwanza kabisa nawasalimu—"

"Hapana. Sema: naunga mkono matangi, mniachie kamba mbili za ukutani. Halafu kaa."

"Bila kuwaeleza?"

"Bila."

"Hiyo si kuomba, mama watoto. Hiyo ni kuamrisha. Mtu anatoka tu, anasema nipe? Hata mtoto akitaka sukari anazungukazunguka kwanza."

"Na wewe unazunguka mpaka duka linafungwa!"

Dobi akainua shuka, akaikunja, akaikunjua. "Kamba zile si zangu. Ni za mzee. Wakijua zilivyofungwa, wenyewe watasema dobi achukue. Nitakuwa sijaomba hata."

Mkewe akamtazama. Akarudi kwenye sufuria yake. Kuna nyakati mtu unampenda mumeo na unatamani kumpiga na kijiko, yote mawili kwa wakati mmoja.

Aliyeleta tumaini alikuwa kinyozi. Yeye na dobi walikuwa marafiki wa kutaniana, mmoja anashughulikia kichwa mwingine anashughulikia kola, walisema kwa pamoja wanamtoa mtu mzima. Kinyozi alikuwa na haraka katika kila kitu, hata wembe wake watu waliuogopa kidogo.

"Wewe anza mwanzo unavyopenda," alimwambia. "Jogoo akiwika tu, mimi nimesimama. Nakuombea muda. Fundi cherehani nimeshamlainisha, ataniunga mkono. Mikono nitaitafuta mimi. Kila anayekaa kwenye kiti changu wiki hii namwambia, nyoosha mkono, na shingo yake iko mikononi mwangu."

Dobi akalala vizuri siku zile. Hatimaye angesema yote.

Kikao cha pili kilijaa. Watu walikaa mpaka kwenye ngazi. Mkaguzi akaweka simu juu ya kigoda, akasoma hoja, akauliza nani wa kwanza. Dobi akasimama. Safari hii alijitahidi kwa kweli. Salamu aliwasalimu wote kwa pamoja. Pole akaiacha. Akaingia moja kwa moja kwenye sebule ya wakwe, akavua shati, watu wakaanza kutabasamu, hata Mama Ndoo akakunja mdomo kuzuia kicheko. Akafika kwenye miguu ya mzee, ngazi zilivyomshinda. "Siku ile mzee akanishika mkono, tukapanda paani pole pole, akanionyesha kamba za ukutani, akaniambia—"

Kokoriko!

Kinyozi aliruka kama aliyekalia pasi. "Mwenyekiti! Naomba mjadala uongezwe dakika kumi!"

"Naunga mkono!" akaitikia fundi cherehani.

"Hakuna maneno, mikono," akasema Mkaguzi. Mikono ikaota kila mahali. Dada Karani akahesabu, akatikisa kichwa kukubali. "Imepita. Mjadala umeongezwa dakika kumi."

Dobi akameza mate, akatabasamu mpaka magego yakaonekana. Dakika kumi! Angeweza hata kurudisha ile pole. "Basi ndugu zangu, mzee akaniambia—"

"Kaa, Dobi," akasema Mkaguzi.

"Nimeongezewa."

"Uliongezewa wapi? Umeongezwa mjadala. Wewe muda wako umekwisha, hukuombewa. Sasa wanasema ambao hawajasema. Nani hajasema?"

Mikono ikaota tena, na safari hii si ya kumsaidia mtu.

"Mimi nilimaanisha yeye!" kinyozi akapiga kelele. "Kila mtu anajua nilimaanisha yeye!"

"Kilichopigiwa kura ni mjadala," akasema Dada Karani, si kwa ubaya. "Ungesema muda wa msemaji."

"Basi nasema sasa! Naomba muda wa msemaji!"

"Muda wa msemaji huombwa kabla hajakaa. Amekwisha kaa."

"Si ninyi mliomwambia akae?"

"Ndiyo. Akakaa."

Kinyozi akakivuta kiti chake, naye akakaa.

Dobi alikaa akazitazama dakika zake kumi zikiliwa. Akasimama bwana mmoja akalalamika juu ya ngoma inayopigwa ghorofa ya pili. Akasimama mwenye ngoma akasema ni mazoezi. Mama mmoja alizungumzia paka. Mwingine akataka kujua nani anatupa maganda dirishani, kwa sababu yalimwangukia shemeji yake siku amekuja kutembea, na shemeji mwenyewe ni mtu wa heshima. Mzee mmoja wa ghorofa ya chini akasimama kuwashukuru waliotangulia kusema, akawashukuru mmoja mmoja. Kuhusu matangi hakusema mtu, ila Mama Ndoo, naye alisema lile lile: maji kwanza, shuka baadaye, na wenye roho mbaya Mungu anawaona. Dobi alikuwa ameshika kitambaa chake cha mfukoni. Alikikunja pembe nne, akakikunja pembe nane, akakikunja mpaka kikakataa. Masikio yalimwaka. Mkewe, aliyekaa ngazi ya tatu, hakumtazama. Alitazama miguu yake mwenyewe.

Jogoo akawika.

"Mjadala umefungwa. Tunapiga kura," akasema Mkaguzi. "Wanaokubali paa lisafishwe, kamba ziondolewe, matangi yawekwe, wanyooshe."

Mikono ikapanda. Na mkono wa dobi ukapanda.

Mkaguzi akausoma kama tiketi ya bandia. "Dobi. Unajua tunapigia kura nini?"

"Matangi."

"Na wewe unasema ndiyo?"

"Nataka maji," dobi akasema, na sauti ikamkatika kwa hasira. "Mtu akiniuliza unataka maji, niseme sitaki? Nimwongopee nani? Siku zote nayataka maji! Hakuna aliyeniuliza!"

Kinyozi akajipiga kofi usoni. Hoja ikapita kwa wingi, Dada Karani akaandika. Halafu akaacha kuandika. Akainuka, akaenda ukutani, akaisogeza baiskeli ya kinyozi, akainama.

"Mwenyekiti, hoja iliyopita haiwezi kurudishwa na aliyeshindwa," akasoma. "Inaweza kurudishwa na aliyeipigia kura ya ndiyo, siku hiyo hiyo, kikao hakijafungwa. Dobi amepiga ndiyo. Akitaka, anaweza kuirudisha."

"Kanuni hiyo ilikuwa wapi?" akauliza kinyozi.

"Nyuma ya gurudumu lako."

Watu wakacheka, lakini dobi hakucheka. Alikuwa amesimama tayari, kifua kimejaa pumzi. "Basi naomba kuirudisha. Ndugu zangu, mzee akaniambia—"

"Ngoja," akasema Dada Karani, kidole bado kwenye karatasi. "Mwenye kurudisha hapewi dakika tatu. Anataja anachotaka kibadilike, kwa sentensi moja iliyokamilika, na hapo hapo anakaa. Hakuna nyongeza, hata theluthi mbili wakitaka."

Dobi alimgeukia mkewe. Mkewe hakutikisa kichwa wala mdomo, lakini jicho lilisema: naapa, ukianza na salamu leo hulali ndani.

Akasimama pale muda mrefu. Ungemwona, ungemhurumia. Yalikuwa yanapita usoni kwake yote, sebule, shati, mashangazi, miguu ya mzee, kamba, na kila lililopita alilazimika kuliacha liende bila kulisema. Jasho likamtoka kwenye paji. Mwishowe akafumba macho kama mtu anayemeza dawa chungu.

"Matangi yawekwe, mimi niachiwe kamba mbili za ukutani."

Akakaa.

"Ni hilo tu?" akauliza Mkaguzi.

"Ni hilo tu."

"Mbili?"

"Mbili."

"Zile za pembeni? Ambazo hazifikiwi na kitu?"

Mama Ndoo akasimama na kiti nyuma yake kikaanguka. "Wewe mwanamume! Vikao viwili! Nimekununia mpaka shavu linaniuma! Nimekuombea mabaya, Mungu anisamehe! Kumbe kamba mbili! Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nakuja huko," dobi akasema kwa sauti ndogo.

"Ulikuwa unakuja kwa miguu kutoka wapi? Naunga mkono! Andika, Dada Karani, naunga mkono, mwacheni na kamba zake, na mtu asiniongeleshe mpaka kesho!"

Hakuna mkono uliobaki chini. Ikapita. Kinyozi akamkumbatia, fundi cherehani akamtania kwamba sasa aanike mpaka soksi za Mkaguzi. Watu wakabeba viti vyao wakapanda, wakicheka, na jengo lilinuka mboga za watu ambazo kwa mara ya kwanza hazikuungua.

Dobi alipanda ngazi kama aliyebeba gunia. Alipofika ndani alikaa kwenye kiti kando ya meza ya pasi, akaishika shuka asiikunje.

"Umezipata," akasema mkewe.

"Nimezipata."

"Mbona uso huo?"

"Sijasema kitu, mama watoto. Wanafikiri nilitaka kamba."

"Si ulitaka kamba?"

Dobi akafikiri. "Nilitaka wajue. Habari ya mzee haikufika mwisho hata mara moja. Aliyezifunga hajulikani. Wamenipa kama wanavyompa mtu chumvi." Akavuta pumzi. "Ningepata dakika moja tu zaidi. Moja."

Mkewe alikuwa na la kusema, na lilikuwa kali, lakini aliyezifunga zile kamba alikuwa baba yake. Akamimina chai, akaweka kikombe mbele yake, akamwacha.

Wiki iliyofuata matangi yakapandishwa kwa kamba nene na matusi mengi. Fundi bomba alikuja kuunganisha mabomba, kijana mwenye ndevu chache na haraka zake. Dobi alipanda na beseni la shuka, akaanza kuzianika kwenye kamba za ukutani, akizibana kwa vibanio. Fundi alikuwa amechutama kando ya tangi, ameshika mabomba mawili yaliyopakwa gundi, mkono huu na mkono huu, akiyabana yashikane.

"Mzee," fundi akauliza kwa kujifurahisha tu, "paa zima wamelisafisha. Hizi mbili mbona zimebaki?"

Dobi akaacha kibanio hewani. Akamtazama fundi. Akaitazama gundi.

"Hiyo inachukua muda gani kukauka?"

"Si haba. Nikiachia inavuja yote."

"Usiachie," akasema dobi. Akazitupia kambani shuka zilizobaki, akaligeuza beseni, akalikalia. "Kwanza, habari za kwenu? Hawajambo? Vizuri. Sasa. Mimi, mwanangu, siku ya kwanza kwenda kwa wakwe, nilivaa shati…"